Gari la Luhende Lilipopata Abiria

Hapo zamani, na si zamani ile ya mazimwi, ni zamani ya juzi tu, magari yamekwisha kuja na redio zimekwisha kuzoeleka, alikuwepo mtu akiitwa Luhende. Kaa vizuri, usiegemee mlango, maana mwisho wa safari hii utaulizwa wewe.

Luhende alikuwa mlinzi wa pampu ya maji ya mifugo, kule ambako msitu unakatika na mbuga ya Isolwa inaanza. Kiangazi mbuga ile ni ngumu, kwato za ng'ombe zinalia juu yake kama juu ya sahani. Masika ni uji mweusi, haina chini. Wachungaji walikuja na kiangazi, mvua ikianza wakaondoka, na wakiondoka Luhende alibaki na miezi mitano ya kujisikiliza mwenyewe. Mkewe alikuwa amekwisha kufa. Asubuhi alisimama mlangoni akaamkia, "Mwangaluka!" Akangoja kidogo, akajiitikia kwa sauti nyembamba, sauti ya marehemu. Kisha akaona haya, mtu mzima yule, akaenda zake kuwasha pampu.

Gari alikuwa nalo. Refu, la porini, watu wa kambi ya wawindaji walimwachia kambi ilipofungwa. Mara moja kwa mwezi alikwenda nalo gulio la Ipuli kununua chumvi na mafuta ya taa. Kwenye kiti cha pembeni lilikaa dumu la maji. Naye Luhende alilifunga mkanda dumu lile, akilisemesha njia nzima: "Shika vizuri, hapa pana shimo."

Mtoto alikuwa naye mmoja, Kabula, ameolewa ng'ambo ya mbuga. Siku moja, mvua zimekwisha kushika, Luhende alipanda juu ya kichuguu, maana simu yake ilipata mtandao pale tu, akasikia sauti ya Kabula.

"Baba, mume wangu amekwenda machimboni, hakurudi na hatumi salamu. Wakwe zangu wanahama. Lori linaondoka Jumamosi ya gulio la pili, wanakwenda Chunya, na mimi na tumbo langu wanasema tutakwenda nao."

"Wewe unataka nini, mwanangu?"

"Nataka kuja kwako. Kuja kukaa, mimi na mtoto. Lakini baba, utapitaje?"

"Nitapita."

"Ukichelewa siku moja, baba, hutanikuta. Na kutoka Chunya nani atanirudisha?"

Luhende alishuka kichuguuni, akaingia garini, akaingia mbugani. Hakufika mbali. Matairi yake yalikuwa madogo, membamba. Matope yakayameza, yakameza rimu, yakameza ngazi ya mlango. Siku mbili alichimba kwa jembe akirudi kinyumenyume. Alipotoka alikuwa mweusi tangu nywele hata kucha, na hakuwepo wa kumcheka.

Akaenda gulioni Ipuli. Akasimama katikati ya watu. Ukoo wake ulikuwa na desturi: mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo amekuwa wa nyumba ile. Sahani yake ipo, kigoda chake kipo, akifa ataitwa kila asubuhi mtoto anapoitwa uji. Luhende hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Akasema kwa sauti, gulio zima likasikia:

"Atakayenivusha Isolwa, nikaenda nikarudi na mwanangu, mjukuu wangu atakuwa na jina lake!"

Watu wengine waliguna. Wengine walirudi kwenye dagaa zao. Akaja mwanamke mmoja mwembamba, Nyanzobe, mjane, hakuwahi kuzaa.

"Gari la marehemu mume wangu lilichukuliwa na mto," alisema. "Matairi yaliokotwa. Makubwa, mapana, yale ya kutembea juu ya matope. Miaka sita yapo uani kwangu, nimepanda mchicha ndani yake."

"Mchicha utaupeleka wapi, shemeji?"

"Tutakula leo wote. Kesho Mungu anajua."

Akaung'oa, wa kula na wa kuuza, akamwaga udongo, akayasugua matairi manne kwa gunzi na maji mpaka yakang'aa. Tundu za rimu zilikubali boliti za gari. Lakini tairi lilipokaa pale mahali pake, wee! Lilijaa mpaka juu, halizunguki. Luhende alisukuma gari hatua moja: kwaruuu!

Akaitwa Jilala, fundi wa matela ya ng'ombe. Jilala akazunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Hiki ni kiatu cha mtoto," alisema, "na nyinyi mnataka kuingiza mguu wa baba."

"Kinaongezeka?"

"Kila kitu kinaongezeka. Nipisheni."

Akafungua tela lake mwenyewe, lile moja alilokuwa nalo, akatoa springi zake, akaziunga chini ya gari. Gari likainuka, likawa kama mtu aliyekunja suruali kuvuka mto. Likasukumwa: kimya. Watu wakashangilia. Luhende akakata kona: kwaru!

"Kuinua ni dawa ya juu," Jilala akasema bila haraka. "Tairi likikata kona halitafuti juu, linatafuta mbele na nyuma. Leteni chokaa."

Akapaka chokaa ndani yote, kwenye madigadi, kwenye fremu, kila mahali. "Zungusha usukani kushoto mpaka mwisho. Sasa kulia mpaka mwisho." Wakachungulia. Palipofutika chokaa, hapo ndipo palipoguswa. Jilala akakata bati kwa msumeno pale palipofutika. Nyuma ya rimu akaweka pete za chuma kuyasogeza matairi nje kidogo, unene wa kidole. "Kidole kimoja," alisema. "Vikiwa viwili utayatoa ndani yakakwaruze nje." Akapaka chokaa tena, akakata tena. Siku tatu. Kucha ya dole gumba iling'oka, akaifunga kitambaa akaendelea.

Siku ya nne Luhende alizunguka gulio zima, kushoto, kulia, juu ya mawe, ndani ya mtaro. Kimya. Hata unyasi ungelia zaidi yake. Luhende akataka kuondoka saa ileile.

Ndipo akaja Ngolo, muuza viazi vitamu. Ngolo alikuwa mwanamke wa mwili, mwili wa kutosha watu wawili, na watu wa Ipuli walimpenda na hawakuchoka kumtania.

"Mzee Luhende, unapita shuleni? Nisogeze na viazi vyangu."

Akapanda nyuma na magunia yake mawili. Gari likaondoka, likaingia kishimo cha kwanza.

Kwaru! Kishimo cha pili, kwaru, kwaru!

Gulio likaanguka kicheko. "Ngolo umevunja gari! Mshusheni Ngolo, apande ng'ombe!" Jilala akatupa nyundo chini. Ngolo alishika mlango ashuke, uso umemwiva. Kisha akauachia mlango, akarudi akakaa.

"Mzee Luhende," aliuliza, "mlipokuwa mnapima, nani alikuwa ndani?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Mimi tu."

"Na huko unakokwenda, unakwenda kuleta nani? Dumu?"

Hakuna aliyecheka. Luhende akatazama kile kiti cha pembeni, akatazama mkanda wake. Miaka yote ile gari lake halikuwahi kubeba mtu, na yeye hakuwahi kufikiri kwamba mtu ana uzito.

"Gari lako halikukwaruza kwa sababu lilikuwa tupu," Ngolo akasema. "Ungekwenda vizuri. Ungerudi na binti mwenye mimba na masanduku yake, na katikati ya mbuga bati lingekukatia tairi. Hapo ungemwambia nini? Jilala, leta chokaa yako. Mimi sishuki."

Hakushuka. Wakapandisha gurudumu moja juu ya gogo, la upande wa pili wakaliingiza shimoni, gari likajipinda kama mtu anayenyoosha mgongo, na Ngolo ndani na viazi vyake. Asubuhi hadi alasiri, juani, bati linachoma. Watoto wakipita: "Ngolo, leo umekuwa jiwe la mizani?" Naye: "Jiwe la mizani halidanganyi, nenda kamwambie mama yako." Viazi vyake havikuuzwa siku ile, wala yeye hakuthubutu kunywa maji, asije akalazimika kushuka.

Jilala akaona. Nyuma, ndani kabisa, mzigo ukishuka tairi lilipanda likagusa pindo la bati ambalo gari tupu halikulifikia. Akalipiga nyundo likalala. Juu ya ekseli akafunga vipande vya mpira mgumu, isipande kupita hapo. Chokaa ya mwisho ilibaki nyeupe yote, kama ukuta wa msikiti.

Luhende akaingia mbugani Ijumaa. Matope yakaja, matairi yakayakanyaga kwa juu, hayakuzama. Kisiki kikaja, kimefichwa na maji. Kikapita chini ya tumbo la gari, kikakwaruza hewa. Akafika. Lori la wakwe lilikuwa limekwisha kupakiwa, Kabula amesimama kando na kisanduku chake, hajui akipandishe au asikipandishe.

"Baba! Umepitaje?"

"Panda, mwanangu. Maneno tutayakuta nyumbani."

Mama mkwe wa Kabula alimbana Luhende kwa maneno mengi, lakini gari lilikuwa pale, kubwa, limesimama juu ya miguu yake. Kabula akapanda, vyombo vikapanda, magodoro, mtungi, mbuzi wake mmoja. Wakarudi. Katikati ya Isolwa gari likatumbukia shimo la kiboko, upande mmoja ukashuka wote, Kabula akapiga ukelele akakumbatia tumbo. Luhende akakaza meno, akatega sikio kusubiri kwaru ile.

Haikuja. Gari likajipinda, likapanda, likatoka.

Siku kumi na mbili baadaye, pale pampuni, Kabula alijifungua mtoto wa kike. Kitovu kilipoanguka, watu watatu walikuja kwa mguu kutoka Ipuli, kila mmoja peke yake. Nyumba ile haikuwa imepata wageni watatu kwa mpigo tangu matanga ya mkewe. Luhende alitafuta vigoda, akapata viwili. Wa tatu akakalia dumu.

Nyanzobe akasema wa kwanza, polepole. "Mimi sikutoa matairi tu, nilitoa bustani yangu na kumbukumbu ya mume wangu. Bila matairi, Jilala angeinua nini? Ngolo angepimia nini? Nyinyi wote mna watoto. Jilala unao saba. Mimi nikifa, jina langu linafukiwa siku ileile. Sina pengine pa kuliacha."

Jilala akasema wa pili. "Huruma ni huruma na kazi ni kazi. Matairi yalikuwa na mchicha mpaka mikono hii ilipoyapa pa kukaa. Tela langu limekaa chini, halina springi, ng'ombe wangu wananitazama. Kila bati lililokatwa nilikata mimi, hata lile lililogunduliwa kwa uzito wa Ngolo nililaza mimi. Msiniambie mtoto ni wa kike: jina halivai suruali wala gauni."

Ngolo akasema wa mwisho, na siku hiyo hakutania. "Nyanzobe alitoa alichokuwa nacho uani. Jilala alitoa anachokijua. Mimi nilitoa kile mnachonichekea. Nyinyi wawili mlikuwa mmekwisha kumaliza, mmekunja mikono, mnamuaga mzee akafe mbugani na mwanawe. Mlitengeneza gari la mtu mmoja. Aliyelifanya gari la watu ni mimi."

Luhende akamtazama mwanawe, labda atamwokoa.

"Usinitazame, baba," Kabula akasema. "Mimi nilitaka kumpa jina la mama. Ndilo jina nililokuwa nalo tumboni pamoja na mtoto. Lakini umekwisha kusema mbele ya gulio, na mimi nipo hapa kwa sababu ulisema. Siwezi kulila neno lako."

Luhende akampokea mtoto. Mwepesi, hafiki hata uzito wa kiazi. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake: atakayetajwa atakuja wakati wowote, atakuwa na sahani na kigoda, atakuwa ndugu. Na wengine wawili wataaga kwa heshima, watashika njia ya Ipuli, na mtu anayeaga kwa heshima namna ile harudi. Yeye aliyekaa miaka yote akitamani mgeni mmoja, leo anao watatu, na neno moja litamwachia mmoja. Na hata huyo mmoja atakuwa amelipiwa kwa jina la marehemu mke wa Luhende.

Akatoka na mtoto mpaka kizingitini, kama ilivyo desturi yao ya kutoa jina, akainamisha mdomo kwenye sikio dogo. Nyuma yake Nyanzobe alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili. Jilala anatazama dole gumba lake. Ngolo amesimama, amekataa kukaa tena.

Sasa nyinyi mliosikiliza, msitazamane. Mwenye matairi, mwenye nyundo, mwenye uzito, au marehemu asiyekuwepo kujisemea: Je, ni nani aliyestahili jina lile? Na wewe ungekuwa Luhende, ungemnong'oneza mtoto nani?