Mbuzi Aliyekula Barua Zake

Paukwa!

— Pakawa!

Sijasikia. Ugali wote ule mmemaliza, halafu sauti hakuna? Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao. Anayetaka kuuliza asubiri mpaka nikohoe.

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado hawajagawana nani akae porini na nani akae bandani, palikuwa na kijiji. Kondoo alikaa hapo, bata alikaa hapo, punda alikaa hapo, na fisi pia alikaa hapo. Ndiyo, fisi. Usinikodolee macho, nimeshasema ni kale.

Katika kijiji hicho alikuwapo mbuzi mmoja mzee, jina lake Bi Mapembe. Ndevu zilikuwa nyeupe, na magoti yalilia kila akiinuka. Alikuwa na binti mmoja tu, Tunu. Tunu alisoma shule, na kila karatasi iliyoingia nyumba ile aliisoma yeye.

Mama mtu hakujua a wala be. Si kwamba hakupelekwa shule. Alipelekwa akiwa mdogo. Siku ya tatu akala daftari la mahudhurio la mwalimu, akala majina yote, waliokuwapo na wasiokuwapo, akafukuzwa. Habari ya shule ikaishia hapo.

Tunu akakua, akaolewa ng'ambo ya mto, mwendo wa siku mbili. Alipoondoka, msomaji wa nyumba ile akawa ameondoka.

Kijijini wakabaki wawili tu waliojua kusoma. Wa kwanza ni Mwalimu Nungu, nungunungu jike, aliyechomoa miiba yake mwenyewe akaifanya kalamu. Huyu hakumsomea mtu barua hata umlilie. "Mimi nafundisha," alisema. "Unayetaka kusomewa, nenda kwa Karani."

Wa pili ndiye huyo Karani. Karani Fisi. Alivaa miwani isiyo na vioo, akakaa kibarazani kwake juu ya kiti cha kukunja, na barua zote alizoleta njiwa zilishukia kwake. Na msifikiri hakujua kusoma. Alijua sana! Alisoma vitabu akavimaliza, na fisi akabaki fisi.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Anakuita, unakaa chini, anakusomea mbele ya watu. Akimaliza anakupa karatasi na kukwambia, "Barua ni siri, na siri hukaa tumboni. Kula."

Nao wanakula! Kondoo anakula, punda anakula, hata bata anachovya kwenye maji anameza. Na Bi Mapembe? Mbuzi na karatasi, nani ambembeleze?

Siku moja ikaja barua ya kwanza ya Tunu. Fisi akakohoa, akasoma.

"Mama, hujambo? Mimi sijambo, wote hawajambo. Usihangaike kuja, njia ni mbaya. Nitumie chungu cha samli, mpe Karani, atanifikishia."

"Amesema hivyo tu?" akauliza Bi Mapembe.

"Hivyo tu. Kula."

Bi Mapembe akala barua, akampa Karani chungu cha samli. Siku ile Fisi alionekana anang'aa mdomo mpaka masikioni. Hakuna aliyeuliza.

Ikaja barua ya pili. Fisi akakohoa, akasoma.

"Mama, hujambo? Nimezoea huku, sina haja ya kutembelewa. Nitumie mtungi wa asali, mpe Karani, atanifikishia. Hapo mwisho. Kula, Bi Mapembe."

Bi Mapembe akala barua, akampa Karani mtungi wa asali, akaenda zake. Alipofika nusu ya njia akasimama, mguu mmoja juu.

"Asali?" akasema.

Kwa maana Tunu, alipokuwa mdogo, alilamba asali yenye nyuki ndani. Nyuki akamuuma ulimi, ulimi ukavimba kama ndizi. Tangu siku hiyo ukitaja asali Tunu anarudi nyuma hatua tatu. Sasa mtu kama huyo anaomba mtungi mzima?

Bi Mapembe akarudi mbio kwa Fisi. "Karani, nisomee tena ile barua."

"Iko wapi?"

"Nimeila."

"Basi imeshasomwa," akasema Fisi, akalamba kidole.

Jamani! Ungefanyaje? Huwezi kulitapika tumbo ukaliuliza lilichoandikiwa. Bi Mapembe akakaa nyumbani siku nzima hatafuni kitu, jambo ambalo kwa mbuzi ni msiba. Binti yake amesema nini hasa? Ni mzima? Ana njaa? Au kweli hamtaki mama yake tena? Asubuhi akachana ndevu, akaenda shule.

Njiani akakutana na Kondoo.

"Shoga, na ndevu zote hizo unakwenda shule?"

"Kwani nasoma kwa ndevu?" akajibu, akapita.

Akakutana na Bata. "Bi Mapembe! Ukihitimu utakuwa nani, waziri?"

"Nitakuwa mbuzi, kama nilivyo. Wewe ukimaliza kuoga matope unakuwa nani?"

Akakutana na Punda. "Bibi, ubongo wa mzee umekauka, haushiki kitu."

"Wako mbichi tangu uzaliwe, umeshika nini?"

Akafika. Mwalimu Nungu akamtazama kutoka kwato hadi pembe.

"Wewe si ndiye uliyekula daftari la mahudhurio?"

"Lilikuwa la mwalimu wa zamani."

"Mwalimu wa zamani alikuwa mama yangu."

Bi Mapembe akainamisha kichwa. "Lilikuwa tamu," akasema. Angesema nini tena?

Mwalimu Nungu akacheka, miiba ikagongana. "Kaa kule nyuma, na watoto."

Akakaa benchi moja na vifaranga na watoto wa sungura. Magoti yakagusa kidevu. Ngedere mmoja mtundu akanyoosha mkono: "Mwalimu, bibi huyu ni mzazi wa nani?"

"Wa mwanangu," akasema Bi Mapembe. "Sogea, unanibana."

Wakaanza. Ba be bi bo bu. Bi Mapembe akaandika ba, akaandika be, akaitazama kazi yake, akaona nzuri, akaila.

Siku ya kwanza akala daftari. Siku ya pili akala daftari na jalada lake. Siku ya tatu Mwalimu Nungu akachoka.

"Kasimame kule pembeni, uso ukutani!"

Sasa na mwalimu naye. Ukuta wenyewe ulikuwa wa makuti. Kengele ya mapumziko ilipolia, darasa lilikuwa na dirisha.

"Bi Mapembe," akasema Mwalimu Nungu, "herufi unazishika upesi kuliko wote hawa. Lakini usomi wako wote unaishia chooni. Unataka nini hapa?"

"Nataka kujua mwanangu amesema nini."

"Anaitwa nani?"

"Tunu."

Mwalimu akachukua daftari jipya, akachomoa mwiba, akaandika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. "Hapa nimeandika Tunu. Haya, mle."

Bi Mapembe akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Mate yakamdondoka kwenye kwato. Darasa zima likageuka kumtazama, hata Ngedere. Akameza mate, na mate yenyewe yalikuwa mengi, akalikumbatia lile daftari akakaa nalo hivyo mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Tangu siku hiyo, kila akihisi meno yanawasha, aliimba. Nanyi mwitikie, msikae kama magunia:

Ba be bi bo bu,
karatasi si majani.
Ba be bi bo bu,
nikila nisome nini?

— Nisome nini!

Akaenda shule wiki ya kwanza, wakamcheka. Akaenda mwezi wa kwanza, wakamcheka kidogo. Akaenda mwezi wa tatu, wakasahau kumcheka, wakawa wanamcheka Punda kwa mambo yake mengine.

Ndipo ikaja barua ya tatu.

Fisi akaita. Watu wakajaa kibarazani. Bi Mapembe akakaa chini kama siku zote. Fisi akarekebisha miwani isiyo na vioo, akakohoa.

"Mama, hujambo? Sitaki kukuona. Ukija nitakufungia mlango. Nitumie mitungi miwili ya asali, na samli, na kapu la dagaa. Mpe Karani, atanifikishia. Hapo mwisho. Kula, Bi Mapembe, pole sana."

Bi Mapembe akapokea ile karatasi kwa kwato mbili. Ilikuwa laini. Ilinukia wino mpya. Watu wote wakamtazama mdomoni.

Ba be bi bo bu...

— Nisome nini!

"Leo nimeshiba, Karani," akasema. Akaifunua.

"Ma," akasoma. "Ma. Mama."

Fisi akainuka kidogo kwenye kiti.

"Mama... ya... yangu."

"Anakosea!" akasema Fisi. "Hii ni barua, si daftari la watoto! Barua inasomwa na karani!"

"Niache, nakosea taratibu," akasema Bi Mapembe. "Hii... ni... ba-ru-a... ya... ta-tu."

Mabibi na mabwana, alisoma polepole kama kobe anayepanda ngazi. Jua likapanda, yeye yumo. Kondoo akakosa subira: "Fika basi, shoga!" Bata akamkanya, "Mwache, usimchanganye, yuko kwenye njo!" Kwa maana neno lenyewe lilikuwa njoo, nalo lilimchukua muda. Na lilipotoka, likatoka lote.

Barua ilisema hivi:

"Mama yangu, hii ni barua ya tatu. Katika ya kwanza nilikuambia njoo. Katika ya pili nilikuambia nina mimba, njoo. Usilete kitu, njoo wewe. Kwa nini hujibu? Mwezi ukiandama najifungua, nami naogopa. Usipokuja nitajua sina mama."

Kondoo akasema polepole, "Karani. Barua yangu ya mwaka jana, mwanangu alipoomba nimtumie mafuta..."

"Ipo wapi?" akasema Fisi kwa mazoea.

"Niliila."

"Na yangu niliila," akasema Bata.

"Na mimi nilikula zangu nne!" akasema Punda. Wakamgeukia Fisi wote kwa pamoja.

Fisi akasimama, akasema ana udhuru wa kiofisi. Kiti cha kukunja kikajikunja na mkia wake ndani. Alikimbia nacho, miwani imeanguka, Bata amemshika sikio, Punda anampiga mateke ya nyuma, mateke ambayo nakiri yalikuwa mazuri. Akaingia porini, na mpaka leo yuko huko. Watu husema wakimsikia kwamba anacheka. Mimi nasema anajisomea barua.

Lakini Bi Mapembe hayo hakuyaona. Alishaondoka. Mwezi ulikuwa unaandama kesho yake, na njia ilikuwa ya siku mbili. Akaenda bila kula, akaenda bila kukaa, magoti yakalia akayaambia yalie yakitembea. Akavuka mto maji yakimfika ndevuni. Jioni ya pili, watu wamesimama nje wanautafuta mwezi juu, akafika kwa Tunu.

Tunu alikuwa mlangoni, kwato kiunoni, tumbo mbele.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa shule."

"Shule? Shule gani?"

"Ya Mwalimu Nungu. Darasa la kwanza. Ondoka mlangoni ukalale, umesimama kama askari."

Tunu akacheka, akalia, akashika tumbo. Kabla ya alfajiri wakazaliwa mapacha, mmoja mweupe, mmoja wa mabaka, wote wana sauti mbaya kama bibi yao. Bi Mapembe akawapokea yeye mwenyewe, akawasafisha yeye mwenyewe, akampikia mzazi uji yeye mwenyewe. Akakaa siku arobaini.

Siku ya arobaini akafunga furushi lake.

"Mama, kaa kidogo," akasema Tunu. "Unakimbilia nini?"

"Siwezi. Wenzangu wamemaliza kutoa, wameingia kuzidisha. Yule Ngedere atanipita."

Akaenda zake. Nasikia Kondoo na Bata nao waliandikishwa. Punda alisema atafikiria, na bado anafikiria.

Sasa funzo lake, na nalisema mara moja tu. Ukikubali kusomewa maisha yako yote, utasikia kile tu anachotaka msomaji. Na shule haimwulizi mtu ana ndevu za rangi gani, inamwuliza amekuja au hakuja. Na wewe pale, uliyemcheka mama yako jana alipokwenda kisomo cha watu wazima na kalamu sikioni, nilikuona. Kesho utamchongea hiyo kalamu.

Hadithi yangu nimeibeba kutoka kale, nimeishusha hapa mlangoni. Ikiwakolea, ichukueni mkawape wa nyumba ya pili. Isipowakolea, chumvi mnayo wenyewe, tieni.

— Tumetia!

Haya, kaosheni vyombo.