Kigoda cha Bibi Somoe

"Na mara ya pili atapanda nani?"

Swali hilo liliulizwa katikati ya ngoma, na hakuna aliyelijibu. Mlio nyuma mmelisikia? Lishikeni. Tutalirudia.

Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, mawe yalipokuwa bado na joto la kuumbwa, wanyama wa Jiwe Refu walikunywa maji ya chemchemi moja. Chemchemi yenyewe ilikuwa juu kileleni. Siku moja joka likaja, likajiviringisha pale, likalala. Maji yakakatika.

Fisi akapanda, akateleza. Chui akapanda, akaunguzwa masharubu. Ndipo akaondoka pimbi mmoja, msichana, jina lake Somoe. Akachukua utete, akaujaza pilipili ya kusaga. Akaingia kwenye ufa mwembamba wa jiwe, pale ambapo mnyama mwingine hapenyi. Akapanda, akapanda, akapanda. Akatokea mbele ya pua ya joka. Akapuliza. Fuuu.

Joka likapiga chafya. Chaaa! Likaruka, likaenda zake. Maji yakashuka.

Miaka ikapita. Somoe akaolewa, akazaa, akalima, akapata wajukuu. Na kila siku alipanda mawe yake. Kisha unywele mweupe wa kwanza ukaota shavuni mwake.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Mnyama akiota mvi, analetewa kigoda. Anakalishwa. Hatafuti kuni, hateki maji, hapepeti mtama. Ukipita uwanjani utawaona wazee wamepangwa kama mitungi, kila mmoja na kigoda chake. Mji mzima hujisifu: tazameni tunavyowatunza.

Ngoma ikapigwa, na Mzee Ngiri, mkuu wa mji, akaja na kigoda cha mpingo. Akasema, "Somoe, umefanya makubwa. Sasa kaa."

Somoe akauliza, "Na mara ya pili atapanda nani?"

Ngoma, ndi, ndi, ndi. Somoe akakaa.

Akitaka kuteka maji, mjukuu anamnyang'anya kibuyu. "Kaa, bibi." Akitaka kufagia, mkwe anamnyang'anya ufagio. "Kaa, mama, majirani watasema tunakutesa." Akitaka kuota jua, wanambeba yeye na kigoda chake. Kaa, bibi. Kaa, bibi. Miguu iliyopanda jiwe ikawa kama ya mtu mwingine.

Na joka likarudi.

Maji yalikuwa yakishuka: tiririka, tiririka. Yakapungua: tone, tone. Yakanyamaza.

Wakatumwa pimbi vijana watatu. Wakaingia ufani. Mle ndani kuna njia panda kumi na zaidi, na giza. Wawili wakazunguka, wakatokea walikoingilia. Wa tatu akakwama. Wangemvuta mkia, lakini pimbi hana mkia. Wakamvuta miguu.

Wakamwendea Bibi Somoe. "Shikamoo bibi. Tuelekeze njia."

"Marahaba. Siijui."

"Bibi, si ulipita?"

"Miguu ndiyo iliyopita. Yenyewe ndiyo inayokumbuka wapi pa kukunja, wapi pa kuinama. Mimi nikikaa hapa sikumbuki kitu."

Mzee Ngiri akakohoa. "Basi tumpeleke kwa machela."

"Machela itapenya ufani?" akauliza Bibi Somoe.

Akawageukia wajukuu.

"Mitungini mna maji ya siku ngapi?"

"Saba," akasema Mize, mjukuu wake wa kike.

"Basi nina siku saba. Niondoleeni hiki kigoda."

Akasimama. Magoti yakalia, ko, ko. Akaanguka, pu. Watu wakakimbilia kumwinua.

"Asiniguse mtu," akasema. Akashika ukuta, akainuka mwenyewe. Siku ile akafika mlangoni. Basi. Mlangoni tu, halafu akalala mchana kutwa.

Siku ya pili akafika jikoni. Akaanguka mara mbili. Siku ya tatu akafika uwanjani, mbele ya wazee wote, na Ngiri akamzuia njia.

"Somoe, unatuaibisha. Wapita njia watasema mji huu unawatupa wazee."

"Mzee Ngiri, kiu ikituua, hao wapita njia watatuzika?"

"Umri wako ni wa kupumzika."

"Nimepumzika miaka kumi na miwili. Nimechoka nako kuliko nilivyochokeshwa na jiwe. Na wewe unakula umepiga magoti, pua chini, ndiyo maana huoni mbali. Nipishe."

Wazee wakacheka vigodani. Ngiri akampisha.

Siku ya nne mvua haikuja, nguvu nazo hazikuja. Alikaa kitandani anakanda magoti yake, analia taratibu. Mize akamwona. Hakusema kaa, bibi. Akamuuliza, "Twende mpaka wapi leo?"

"Mpaka kwenye kichuguu."

Wakaenda. Siku ya tano wakapanda kichuguu. Siku ya sita wakakipanda mara tisa, na Bibi Somoe akabeba kibuyu chake mwenyewe, kitupu, lakini alikibeba.

Siku ya saba mitungi ikakauka. Bibi Somoe akachukua utete na pilipili. Mize akamfuata nyuma.

Wakaingia ufani. Bibi akapapasa. "Hapa kulia. Inama. Sasa kushoto." Mize akayashika yote. Hawakwenda mbio. Pale ambapo zamani aliruka, sasa alizunguka. Akapumzika mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Akapanda, akapanda, akapanda.

Hatua ya mwisho, goti likalia. Ko.

Joka likafumbua jicho moja.

Mize akaganda. Bibi Somoe hakurudi nyuma, maana kurudi kulikuwa mbali kuliko kufika. Akavuta pumzi yote ya siku saba. Fuuu.

Chaaa! Jiwe likatikisika. Joka likaenda zake likilia machozi ya pilipili. Na chini, kwenye mitungi mikavu, ikasikika: tone. Tone. Tiririka, tiririka.

Ngoma ikapigwa. Mzee Ngiri akaja na kigoda kingine, kikubwa kuliko cha kwanza. Bibi Somoe akakitazama.

"Na mara ya tatu atapanda nani?"

Ngoma ikanyamaza. Mize akasema, "Sote, bibi. Tunaanza kesho asubuhi, na wewe mbele."

Bibi Somoe akakichukua kile kigoda, akakiweka mlangoni pake. Kila asubuhi akakikanyaga, akapanda, akashuka, mara ishirini. Siku ya tatu wazee wote wakatoka na vyao. Wa mwisho alikuwa Ngiri, akinung'unika.

Ninachosema ni hiki: mwili usiotumika huganda, na anayemkataza mzee kuinuka kwa kuogopa macho ya majirani anamwibia miguu yake, hata kama anamwita shujaa.

Hadithi yangu imeshuka jiwe salama, imefika chini.

Nina ombi moja. Leo ukifika nyumbani, ukimkuta bibi yako ameinuka kufuata kibuyu chake, usimwambie akae. Muulize anaenda mpaka wapi, mwende pamoja.