Mfinyanzi, Fundi na Bamba la Springi

Hii imeteremka kutoka mlimani, imepita kwa wengi. Isome hadi mwisho kabla hujampa mwenzako.

Palikuwa na mfinyanzi wa vyungu, Bi. Tusekile, katika kijiji kilicho juu kabisa ya mlima. Uzeeni mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, hata akawa anaujua mchana kwa joto la jua na usiku kwa ubaridi wake.

Ikaja habari kwamba madaktari wa macho wapo hospitali ya wilaya, kule chini bondeni, na wanamaliza kazi yao jioni ileile. Baada ya hapo, hakuna ajuaye watarudi lini. Bi. Tusekile akavaa kanga yake nzuri, akafika zahanati alfajiri pamoja na wazee wengine wenye shida kama yake.

Gari la kuwashusha lilikuwa moja tu: gari la zahanati, lile kubwa la zamani la kupandia milima. Lakini asubuhi hiyo lilikuwa limekaa chini kwa nyuma kama kuku anayeatamia.

Fundi Ambakisye akaingia uvunguni, akatoka ameshika kiuno.

"Halishuki hili," alisema. "Springi za nyuma zimelala, na bamba moja limekatika kabisa. Tukipakia watu, bodi itakaa juu ya tairi. Kwenye kona zile tutaokotana korongoni."

Springi za gari lile ni mabamba ya chuma yaliyopinda kama upinde, yamelazwa moja juu ya jingine, marefu juu, mafupi chini, yakabanwa pamoja. Moja likifa, mengine huchoka.

Dereva Asajile hakubabaika. "Hilo tu, fundi? Mimi ninalo jipya!"

Akakimbia nyumbani, akarudi nalo begani, jeusi, limepakwa rangi likang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Wazee wakashangilia, ingawa hakuna hata mmoja aliyeliona vizuri.

Fundi akaliweka juu ya jiwe, akaligonga kwa nyundo ili alisawazishe.

Bi. Tusekile aliinua uso. "Mwanangu, hebu gonga tena."

Fundi akagonga. Pwa.

"Hilo lina ufa."

Asajile akacheka. "Bibi, mkono wako mwenyewe huuoni, utauona ufa wa springi?"

"Nani kasema nimeuona? Nimeusikia. Chungu hakinunuliwi kwa macho, mjukuu wangu. Unakigonga kwa kidole, unatega sikio. Kizima kinaimba, chenye ufa kinakohoa. Hilo lako lina kifua."

Fundi aliona haya kidogo. Naye alijua kupima chuma kwa mlio, ila haraka ilikuwa imemziba masikio. Akachukua brashi ya waya, akakwangua rangi. Karibu na tundu la bolti ukajitokeza ufa mwembamba kama unywele.

Asajile akakaa chini kwenye vumbi. "Aliyeniuzia aliniapia kwamba ni jipya," alisema. Hakuna aliyemcheka.

Wakaleta vyuma vingine. Kulikuwa na bamba lililozuia mlango wa mashine ya kusaga, na jingine lililokuwa kivuko cha mfereji. Kila likigongwa, Bi. Tusekile alitikisa kichwa.

"Linakohoa."

"Na hili?"

"Hilo limeshazikwa, nyinyi mmelifukua."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alilisikia jua likihama kutoka shavuni hadi utosini. Muda ulikuwa unakwisha. Akaanza kujizoeza moyoni: basi nitazikwa na giza hili.

Ndipo kengele ya shule ikalia. Ngeee! Mlio ukapaa, ukagonga mlima wa pili, ukarudi mzimamzima. Wengine hawakugeuza hata shingo. Bi. Tusekile akasimama.

"Fundi! Kengele ile ni ya kitu gani?"

Fundi akageuka kuitazama. Alipita chini yake kila siku. Ile haikuwa kengele. Lilikuwa bamba la springi lenye kutu, limetundikwa kwa waya kupitia tundu lake la katikati.

Mwalimu mkuu, Lugano, alipoambiwa, alishika kichwa. "Mchukue kengele yangu? Watoto nitawaita na nini?"

"Kwa mdomo, mwalimu," akajibu Asajile. "Ukikasirika, tunakusikia hadi mashambani."

Mwalimu akacheka. Akapanda juu ya meza, akaukata waya kwa mkono wake. "Lilikuwapo hata mimi nikiwa mwanafunzi," alisema. "Limepigwa kila siku, tangu wakati huo."

Fundi akalipima. Upana uleule, urefu uleule. Akapitisha kidole toka ncha hadi ncha, hakupata ufa wowote. Vizazi vya watoto vilikuwa vimelipiga, nalo lilikuwa bado na upinde wake. Akavua kofia bila kujua.

Akanyanyua gari kwa jeki, akalegeza bolti, akaliingiza mahali pake, akakaza. Jeki ilipoteremshwa, gari likabaki limesimama.

Wakashuka. Kwenye kona Bi. Tusekile alisikia mawe yakiporomoka kutoka ukingoni. Alingoja asikie yakitua. Hakusikia kitu. Chini yake bamba lilinesa shimo baada ya shimo, na halikukohoa hata mara moja.

Waliwakuta madaktari bado hawajafunga vifaa vyao.

Asubuhi iliyofuata nesi alimfungua Bi. Tusekile bandeji, akampeleka dirishani. Mbele yake ukuta wa mawe ulikuwa umesimama mpaka mawinguni, na juu yake umejikunjakunja mstari mwekundu, mwembamba kama uzi.

"Kile ni nini, mwanangu?"

"Si ndiyo barabara mliyoshukia, Bibi."

Akaitazama muda mrefu. Mkono ukampanda mdomoni.

"Watu wote wale," alinong'ona, "juu ya kipande cha chuma."

Funzo: Rangi hufunika ufa, haiuzibi. Kabla hujakabidhi maisha yako kwa mtu au kwa kitu, usitazame kinavyong'aa. Sikiliza kinavyolia kikigongwa.