Vidole vya Mize

"Mkalia mkeka haulizi vidole." Jana harusini mlimsikia Bi Zuwena akiyasema maneno haya, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wanangu. Yalizaliwa hapa hapa Mtambuuni, nami nilikuwepo. Kaeni niwaeleze yalivyoanza, ila sidhani kama mtayacheka tena.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja tukisuka ukili, yaani ile mishipi ya miyaa ya mkindu ambayo hushonwa pamoja ikawa mkeka. Mikeka yetu ilichukuliwa na mtu mmoja aitwaye Shaame, akaipeleka mjini, na kutoka mjini ikaenda Ulaya. Aliyetushinda wote kwa kusuka alikuwa Mize, jirani yangu, mjane kama mimi. Ukili wake ukiupitishia kidole huwezi kuhisi ulipoungwa.

Mwaka mmoja Shaame alileta rangi mpya, nyeusi, ndani ya debe lisilo na maandishi. Alisema wanunuzi wanataka weusi usiochujuka. Kweli haukuchujuka, wala mikononi mwetu haukutoka. Kwanza kucha ziligeuka, kisha ngozi ikapasuka. Mize ndiye aliyechovya miyaa ya kikundi kizima, kwa kuwa alijua kuipatia, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vikaanza kutoa maji. Akitia udhu nilimwona akiuma upindo wa kanga.

"Tuletee japo mipira ya kuvaa mikononi," alimwambia Shaame.

Shaame akacheka. "Bi Mize, wanunuzi wanalipia kazi ya mkono. Ukivaa mpira si itakuwa kazi ya mpira?"

"Basi turudishie rangi ya zamani."

"Nirudishe rangi, na wanunuzi nao warudi kwao? Mtakula miyaa?"

Tukarudi kwenye ukili wetu. Haukupita muda tukasikia kwamba wanunuzi wanamtuma mtu wao kuja kuangalia kama wasukaji tunatendewa haki. Tulimshukuru Mungu. Nilisali rakaa mbili, nikalia sijdani. Tukakubaliana kwamba Mize ndiye atakayesema, na avionyeshe vidole vyenyewe. Tukachanga kuku, mchele na nazi, kwani kwetu mgeni hapewi habari mbaya na njaa yake. Hulishwa, akanawa, ndipo akaambiwa lililo moyoni. Tulipanga hivyo: salamu, chakula, kisha vidole.

Mgeni alifika asubuhi pamoja na Shaame. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na Kiswahili akikijua. Tulimtandikia mkeka mpya, mweusi. Akaupapasa, akasema hajapata kuona mzuri kama ule. Mize alikaa mbele yake, mikono ameificha ndani ya kanga, maana kidonda hakionyeshwi mtu anayengoja kula.

"Habari za kazi, mama?" mgeni akauliza.

"Njema, alhamdulillahi."

"Mnatendewa vizuri?"

Mize akanitazama. Niliona kanga inatikisika, anataka kuitoa mikono. Nami nikamfinya paja, nikamnong'oneza, "Mwache ale kwanza, shoga. Usitutie aibu."

"Twamshukuru Mungu," Mize akajibu. "Karibu chakula, mwanangu. Ukishakula tutazungumza."

Mgeni akaandika jibu lake, akafunga daftari. Shaame akatazama saa. "Chakula hatutakiwahi, mama. Boti haitungoji."

"Jamani, nisameheni," mgeni akasema, na kwa kweli alisikitika. "Nitakula siku nyingine." Akampiga Mize picha. Mize akatabasamu, kama mtu anavyotabasamu akiaga mgeni.

Alipoitoa mikono ndani ya kanga, gari lilikuwa limeshapinda kona. Wali ulibaki umefunikwa kawa. Hakuna aliyeugusa.

Baada ya miezi mitatu Shaame alileta vikaratasi vyenye picha ile, tuvifunge kwenye kila mkeka. Alikuwa na furaha. "Bi Mize, umekuwa maarufu! Imeandikwa hapa kwamba mkeka huu umesukwa kwa haki, na aliyeusuka anaridhika."

Mize alikuwa amekaa kizingitini. Mkono umefungwa bendeji, kwani wiki ile hospitali walikuwa wamevikata vile vidole viwili.

"Na yule mgeni," akauliza, "aliandika nina vidole vingapi?"

Shaame akajifanya anahesabu mikeka. Mize akakitazama kikaratasi, akanipa mimi. "Mkalia mkeka," akasema, "haulizi vidole."

Hakusuka tena mpaka alipokufa, na picha yake ilikuwa bado inasafiri na mikeka ya watu wengine. Nilimwomba radhi mara nyingi. Kila mara alinijibu, "Nimeshakusamehe, nawe hukujua." Lakini nilijua, wanangu. Nilijua vidole vinaoza, nikaona aibu ya mgeni kutokula ni kubwa zaidi.

Debe jingine lilipokuja, nilichovya mimi, kwa sababu ndani mlikuwa na watoto na mtu mwingine wa kutununulia hatukuwa naye. Mgeni hakurudi. Kila alfajiri namwomba Mungu, ambaye hahitaji kuonyeshwa mikono. Lakini huko mikeka inakotandikwa wanaisifu tu, wanasema mizuri, wanaketi. Mkalia mkeka haulizi vidole.