Unga wa Mama Mianzi

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizipata kwa kusimuliwa tu, wanyama walikuwa na nyumba, nyumba zilikuwa na milango, na hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila kupiga hodi. Wewe hapo, acha kutafuna! Hadithi hii ina sauti ya kutafuna ndani yake, na sitaki nishindwe kujua ipi ni ya hadithi na ipi ni yako.

Basi palikuwa na mto, na ukingoni mwa mto palikuwa na vichaka vitatu vya mianzi. Katika kichaka cha tatu aliishi Kindi, fundi wa kujenga nyumba.

Kindi mwenyewe alikuwa mdogo. Ningemweka hapa kiganjani, angekaa na nafasi ikabaki. Lakini nyumba zote imara za kijiji kile alizijenga yeye, na alikuwa na masharti yake. Kabla ya kukata mwanzi, aliugonga kwanza kwa ukucha. Ukilia *pwa, pwa*, huo bado mtoto, anauacha. Ukilia *ko! ko!*, huo umetimiza miaka mitatu, anaukata. Hakukata mwezi ukiwa mkubwa angani. Na akishakata, aliilaza mianzi yake matopeni, kule mtoni, siku arobaini.

"Kwa nini arobaini?" wenzake walimuuliza.

"Mwanzi ukikatwa umekufa," alijibu. "Na aliyekufa ana arobaini yake. Usipomwekea, hatulii."

Walimcheka. Hata hivyo nyumba zake walizikaa mpaka wajukuu wakazirithi.

Siku moja akaja Nyati, *gudu! gudu! gudu!*, na nyuma yake shemeji yake, Fisi.

"Fundi," Nyati alinguruma, "nataka nyumba ya vyumba saba. Mwezi huu huu."

"Mianzi iliyokomaa haitoshi vyumba saba, Bwana Nyati. Nikujengee viwili sasa, na mwakani tuongeze."

"Viwili! Mimi, na pembe hizi?"

Fisi akacheka. "*Kha kha kha!* Shemeji, unambembeleza mtu anayelingana na mkia wangu? Nipe kazi mimi. Siku ya kumi unahamia."

"Na zile siku arobaini za matopeni?" Kindi aliuliza.

"Kwani tunajenga au tunazika?" akasema Fisi.

Usiku ule ule wakaanza, kwa sababu mwezi ulikuwa mkubwa kama sinia na Fisi alitaka kumaliza upesi. *Chwa! Chwa! Chwa!* Kichaka cha kwanza kikaisha. *Chwa! Chwa!* Cha pili kikaisha. Hawakugonga, hawakuchagua. Walikata wazee, walikata vijana, na machipukizi yaliyokuwa yakichungulia ardhini Fisi aliyang'oa akayatafuna kama muwa. Siku ya kumi nyumba ilisimama, mbichi, kijani kibichi, ikitoka maji. Wakapiga ngoma. Kindi alisimama mbali akiangalia visiki, na nawaambia kweli, alilia.

Ikapita miezi mitatu.

Kuna saa ambayo mama zenu huwakataza kupita penye vichaka. Si usiku. Ni mchana, jua la utosi, kivuli chako kinapojificha chini ya nyayo zako na hata kuku hawalii. Saa hiyo Nyati alikuwa amekula ameshiba, amejilaza kitandani. Kijiji kizima kimya. Ndipo akasikia juu yake:

*Kree... kree... kree...*

Akafumbua jicho moja. Kitu chepesi kikamwangukia puani. Akajifuta. Ulikuwa unga, mweupe, laini, kama uliochekechwa.

"Shemeji! Nani yuko darini?"

"Hakuna mtu," Fisi alijibu kutoka kwenye mkeka wake. Naye alikuwa mweupe kichwani kote, amekuwa kama maiti iliyopakwa chokaa. Walipotazamana, kila mmoja alirudi nyuma hatua moja.

Kesho yake ikawa hivyo. Keshokutwa yake ikawa hivyo. Walifagia asubuhi, na jioni sakafu ilikuwa nyeupe tena. Nguzo zikaanza kuinama. Ukiigusa nguzo, kidole kinazama.

"Mianzi imechoka," Fisi alisema. "Dawa ni moja, shemeji. Tukate kile kichaka cha tatu, tuegemeze nyumba. Keshokutwa asubuhi na mapema."

Habari ikamfikia Kindi. Juzijuzi alikuwa amejifungua watoto watatu, hata macho hawajafumbua, atawahamishia wapi? Na kichaka kile kikiisha hapana tena mwanzi mto mzima, wala wa kujengea wala wa kuotesha. Akakimbia hadi kwa Nyati, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu, lakini kama umekuja kulia, lia ukiwa njiani kurudi," Nyati alisema.

"Bwana Nyati, nakuomba, kwa heshima yako. Kile kichaka ndicho mama. Ukimkata mama, watoto watatoka wapi?"

"Nyumba yangu inaanguka, wewe unaniletea habari za mama!"

Kindi akataka kusema tena, akasikia. *Kree... kree... kree...* Akatazama juu, akatazama unga, akaelewa mara moja. Ni dumuzi! Wadudu wale wale wanaotoboa mahindi ghalani. Mwanzi uliokatwa mchanga, usiolazwa matopeni, hubaki na utamu wake wote, na dumuzi hakosi kuusikia. Nyumba ile ilikuwa sufuria ya uji iliyoachwa wazi.

Akafungua mdomo aseme "dumuzi". Kisha akaufunga. Angewaambia wadudu, wangesema basi, tulete mianzi mipya. Mnyonge hana panga, ana ulimi. Akainamisha kichwa.

"Poleni sana," akasema taratibu.

"Pole ya nini?"

"Sikujua kama mna msiba. Mngeniambia, ningekuja hata na mzigo wa kuni."

"Msiba gani? Hapa hapana msiba!"

"Ah," Kindi akasema. "Basi bado."

Fisi akasimama. "Bado nini?"

"Bwana Fisi, panaposagwa unga mwingi hivi, usiku na mchana, ama pana harusi, ama pana matanga. Mna harusi?"

Hawakuwa na harusi. *Kree... kree...*

"Nani anasaga?" Nyati aliuliza, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

"Mama Mianzi. Mmeua watoto wake mia na zaidi, hakuna hata mmoja aliyewekewa arobaini. Anawawekea mwenyewe. Kaanza na unga."

"Na... na matanga hayo ni ya watoto wake tu?"

"Hilo sijui, Bwana Nyati. Wazee walisema akishamaliza kusaga huja mwenyewe kuuchukua unga wake. Huja jua la utosi. Husimama miguuni pa mwenye nyumba, akamtazama. Baada ya hapo matanga ya watoto wake na ya mwenye nyumba huwa ni mamoja."

"Uongo!" Nyati akakanyaga chini, na unga ukamwagika juu yake *fwaa!* "Uongo mtupu! Nionyeshe!"

"Kesho usifagie," Kindi alisema. "Jua likifika utosini, laleni nyote wawili na mfumbe macho. Msifumbue hata mkisikia hatua. Mkiamka msione kitu, kateni kichaka changu, na panga nitawanolea mimi."

Akaondoka. Sasa alikuwa ameweka rehani watoto wake.

Kesho yake, jua la utosi. Nyati na Fisi walijilaza wamefumba macho mpaka yakauma. Sakafu nyeupe pe. Kindi akaingia na kipande cha mwanzi, chembamba, upana wa kidole changu hiki. Alikigandamiza kwenye unga: *tup*. Kikaacha alama ya duara. Hatua moja mbele: *tup*. Kwa mkia wake mnene akafagia alama za miguu yake mwenyewe. *Tup... tup... tup...* kutoka mlangoni mpaka kitandani kwa Nyati, mpaka ukingoni mwa mkeka wa Fisi. Fisi alikuwa akisaga meno. Nyati alikuwa akiomba dua ambazo hakuzimaliza hata moja.

Kisha Kindi akapanda nguzo, akapenya paani, akatoka. Alikwenda kukaa kwenye tawi la mkwaju uwanjani, akangoja.

Hakungoja sana.

"YALLA!" Sauti ya Nyati. "Shemeji, tazama chini!"

"Sitazami! Tazama wewe!"

"Zimefika kitandani kwangu!"

"Na mkekani kwangu! Lakini mimi si mwenye nyumba! Mama Mianzi, sikia, mimi ni mgeni tu hapa! Mwenye nyumba ni huyu mwenye pembe!"

"Mwongo wewe! Nani alijenga? Nani alikula vitoto vyake? Mama, nyumba ni ya Fisi! Nimempa leo! Na vyumba vyote saba!"

"Siitaki!"

"Ni yako!"

Wakagombania mlango, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuikana nyumba. Bega la Nyati likagonga nguzo ya kati. Nguzo haikuvunjika, ilisagika. *Kreee... kreeeee... PWAAA!* Vyumba saba vikakaa chini kwa mara moja. Hawakuumia, walikuwa wameshafika uwanjani, weupe wote wawili, wanakohoa.

"Fundi!" Nyati alilia alipomwona Kindi mtini. "Fundi, tufanye nini?"

"Amekuja?"

"Amekuja! Nyayo mviringo, kubwa!"

"Kama mdomo wa kinu!" Fisi akadakia.

Kindi akajiuma mdomo asicheke. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, alijisemea, na mwoga alama ya upana wa kidole huiona kinu.

"Basi sikilizeni. Kichaka cha tatu msikiguse. Mizizi nitawapa mimi, mwende mkaioteshe palipokuwa na vile vichaka viwili, mmwagilie kila jioni. Miaka mitatu mtalala kwenye kibanda cha nyasi. Mwanzi wa kwanza ukilia *ko!*, mniite."

"Na arobaini?" Nyati aliuliza kwa unyenyekevu.

"Na arobaini."

Wakaondoka mbio kwenda kuchimba mashimo, na sijapata kusikia kwamba Fisi alifanya kazi siku nyingine kama alivyofanya siku ile.

Kindi akabaki peke yake. Akacheka mpaka akashikilia tawi asianguke. Akashuka ili aende kwa watoto wake. Nyumba ilipoanguka ilikuwa imetema unga uwanja mzima, kila kitu kilikuwa cheupe, na hakuna upepo.

Hapo katikati ya uwanja akasimama, na kicheko kikamkauka.

Palikuwa na nyayo. Za mviringo. Hazikuwa ndani ya nyumba, kwa maana nyumba haikuwapo tena. Zilikuwa huku nje, juu ya unga uliotua sasa hivi. Zilianzia kwenye lundo la mianzi iliyoanguka, zikapita chini ya tawi alilokuwa amekalia, zikaelekea mtoni. Kindi aliweka kipande chake cha mwanzi ndani ya mojawapo. Kikapotea. Upana wake ulikuwa wa mdomo wa kinu.

"Mimi nilipiga za kuingia," alisema kwa sauti ndogo. "Za kutoka sikupiga."

Akatimka. Nyayo zilikuwa mbele yake njia nzima, hatua moja moja, bila haraka, na zilikuwa zinakwenda kwake. Zikafika kwenye kichaka cha tatu. Zikafika mlangoni. Zikaishia hapo.

Kindi alitaka kuingia kwa kishindo kama mama yeyote, lakini mkono ukamgoma. Akagonga kwanza kwa ukucha kwenye mwanzi.

"Hodi," alisema.

*Ko! ko!* Mwanzi ulijibu wenyewe, kutoka ndani, kabla hajagonga mara ya pili.

Akaingia. Watoto walikuwa wamekaa watatu, wazima, hawalii. Walikuwa wamefumbua macho. Wote walikuwa wakitazama pembe ile ile tupu ya chumba, wakitabasamu. Na kwenye paji la uso la kila mmoja palikuwa na chengachenga za unga mweupe, kama bibi anavyompaka mjukuu anapombariki.

Kindi alipiga magoti. Hakujua aogope au ashukuru, akafanya yote mawili.

Tangu siku hiyo hakukata mwanzi hata mmoja bila kupiga hodi kwanza, na ukikaa karibu na fundi mzuri wa kijijini utamsikia naye anagonga: *ko! ko!* Atakuambia anapima kama umekomaa. Mwache aseme hivyo.

Ukikata, mbakize mama, na ulichokikata ukipe siku zake.

Hadithi yangu nimeilaza matopeni. Anayeitaka asiiopoe kabla ya wakati wake.