Kilele cha Wali wa Manjano

Ukumbi wa kampuni ya Bagaskara mjini Yogyakarta, Indonesia, ulinukia nazi na bizari. Mezani ulisimama mlima wa wali wa manjano uliozungukwa na kuku na mayai. Ilikuwa dua ya shukrani, kwa kuwa mtandao wao wa kuwaunganisha wapishi wa mitaani na wateja ulikuwa umetia fora nchi nzima. Kwa desturi, mwenye shughuli hukata kilele cha wali na kumpa mtu anayemheshimu kuliko wote.

Macho yote yalimwelekea Wening. Yeye na Bagaskara walikuwa chanda na pete tangu chuoni. Waliianzisha kampuni sebuleni kwa mama yake Wening, wakishindia tambi na kumtegemea Mungu.

"Dada Wening, sogeza sahani, usijifanye bibi harusi!" mpishi mmoja alimtania. Watu wakaangua kicheko.

Bagaskara akampita kama hamjui. Kilele akamkabidhi Pak, yaani Bwana, Gunadi, tajiri aliyekuja juzijuzi kununua hisa. Kicheko kikakatika ghafla. Mama yake Wening akashika kifua.

"Kaka, umefanya nini?" Wening alinong'ona.

"Wali tu huo! Acha utoto, dada."

"Mbele ya mama yangu?"

Kesho yake Wening alijiuzulu na kuacha kiti chake katika bodi ya watu watatu: yeye, Bagaskara na Pak Gunadi. Bagaskara hakwenda hata kumwomba radhi. Pak Gunadi alipompendekeza shemeji yake, Bagaskara alimpa kiti hicho bila kusita.

Kikao kilichofuata, Pak Gunadi alikohoa kidogo. "Kuna kampuni ya Singapuri inayotaka kutununua, lakini wewe hawakutaki. Anayekubali Bagaskara aondoke, anyooshe mkono."

Mikono miwili ikapanda juu.

Macho yalimtoka Bagaskara pima. "Pak! Mimi ndiye niliyeianzisha!"

"Na tunakushukuru sana, mwanangu. Funguo utaziacha mapokezi. Mimi jioni nina ndege."

Alitoka nje. Adhana ya alasiri ilikuwa ikisikika, naye akasimama barabarani kama mtu aliyesahau kibla kiko wapi. Akampigia Wening.

"Wamenifukuza, dada! Rudi unitetee!"

Wening alimjibu: "Nitakuombea, kaka. Lakini kura yangu uliigawa mwenyewe."

Simu ikakatika. Bagaskara alibaki pale barabarani, akiwa ameyaona kwa macho yake waliyoyanena wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.