Mmea wa Kibibi

Sogeeni, wenzangu, mimi nasimulia, nyinyi itikieni.

Zimwi lilimgeuza Kibibi kuwa mmea wa majani manene, likampanda chunguni. Likamnong'oneza dada yake, Mwanatumu: "Akichanua, atarudi. Maji mengi yatamwozesha. Nawe ukitamka neno kabla hajachanua, humwoni tena."

Mama yao alijua mmea ule ni Kibibi, ila masharti hakuyasikia.

Mwanatumu akafunga mdomo. Tumba likatokeza.

Jirani akaja na kata ya maji. "Mmea una kiu, na bubu huyu anautazama tu!" Mwanatumu akatikisa kichwa. Jirani akacheka, akamwagilia.

Shangazi akaja, naye akamwagilia. Majani ya chini yakalegea, yakawa kama ndizi iliyoiva mno.

Mama akaja na mtungi mzima. "Mtoto wangu ananyauka kwa kiu!"

Mwanatumu akakumbatia chungu, machozi yakimtiririka. Tumba lilikuwa linapasuka, wekundu ukichungulia.

"Niachie, mwanangu, nimnyweshe mdogo wako," mama akasema kwa upole. Akambandua vidole, kimoja kimoja, akamimina maji yote.

Hadithi yangu inanyamaza hapo, kama alivyonyamaza Mwanatumu.